Kubadilishana bila ndoo ya tatu

Wenzetu mnaojifunza kompyuta, leo tuongelee mstari mmoja tu: a, b = b, a. Tunaukuta kwenye Python na kuupita haraka, kumbe wazo lake lina umri kuliko wazazi wa baadhi yetu.

Chukua madumu mawili, moja la maziwa, jingine la maji. Ukitaka vilivyomo vibadilishane, lazima utafute ndoo ya tatu. Kwenye kompyuta ni hivyohivyo. Ukiandika a = b, thamani ya zamani ya a imeshafutika, kwa hiyo b = a inakurudishia kilekile. Ndiyo maana darasa la C linafundisha kigeu cha tatu.

Sasa, mwaka 1963 wataalamu wa Cambridge na London, akiwemo Christopher Strachey, walieleza lugha yao ya CPL. Humo vigeu kadhaa vilipewa thamani kwa mpigo: upande wa kulia unakokotolewa wote kwanza, ndipo wa kushoto unapokea. Safi kabisa. Ila CPL ilikuwa kubwa mno kwa mashine za wakati ule, haikuenea. Martin Richards akaipunguza ikawa BCPL, Ken Thompson akaifinya tena ikawa B, halafu Dennis Ritchie akatoa C mwaka 1972. C haikuwa na kitu hicho. Ikatawala dunia, na vizazi vikaizoea ndoo ya tatu kana kwamba ni amri ya Mungu.

Hasara yake inaonekana kwenye namba za Fibonacci, ambapo kila namba ni jumla ya mbili zilizotangulia: 1, 1, 2, 3, 5, 8. Andika a = b, kisha b = a + b, utapata 2, 4, 8, 16, yaani kuzidisha kwa mbili tu! Mwenzetu akipata jibu hilo darasani, asiambiwe hana kichwa cha kompyuta. Hesabu anaijua; lugha ndiyo haimpi njia ya kuiandika kama anavyoifikiri. Kwenye Python ni a, b = b, a + b, basi.

Barbara Liskov na wenzake pale MIT walilirudisha wazo hili kwenye CLU miaka ya 1970, na Python ikaja nalo 1991. Mwaka 2009 ikatangazwa Go, yenye sura ya C lakini inayokubali a, b = b, a. Mmoja wa watatu walioibuni? Ken Thompson yuleyule wa B.