James Finlayson

James Finlayson (27 Agosti 1887 – 9 Oktoba 1953) alikuwa mwigizaji wa vichekesho mzaliwa wa Uskoti aliyefanya kazi Marekani. Anajulikana hasa kama hasimu wa kwenye filamu wa wachekeshaji Stan Laurel na Oliver Hardy, ambao alicheza nao katika filamu 33.

Maisha na kazi

Alizaliwa Larbert. Alihamia Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1910 akiwa mwigizaji wa jukwaani, kisha akaelekea Hollywood, ambako alicheza filamu za mtayarishaji Mack Sennett. Mwaka 1923 alijiunga na studio ya Hal Roach. Mwaka 1927 studio hiyo ilimtangaza pamoja na Laurel na Hardy kama kundi la watu watatu, lakini watazamaji waliwapenda zaidi wale wawili, naye akabaki mwigizaji msaidizi.

Nafasi hiyo ndiyo iliyomjengea jina. Katika filamu bubu ya Big Business (1929), Laurel na Hardy wanauza miti ya Krismasi nyumba kwa nyumba huko California. Finlayson, mwenye nyumba, anakataa kununua, na ugomvi unazuka. Wao wanaivunja nyumba yake huku yeye akilivunjavunja gari lao. Mwaka 1992 filamu hiyo iliingizwa katika orodha ya taifa ya filamu zinazohifadhiwa Marekani. Katika Way Out West (1937) alikuwa Mickey Finn, mwenye baa anayemdhulumu msichana yatima hati ya mgodi wa dhahabu.

Uigizaji wake

Alitambulika kwa upara na masharubu ya bandia. Ufundi wake mkubwa ulikuwa kugutuka: humtazama mtu, akageuka kana kwamba hakuna jambo, kisha anapong'amua alichokiona humgeukia tena kwa kishindo, jicho moja amelifinya na jingine amelikodoa. Hasira yake ilipanda hatua kwa hatua, na ndiyo iliyoupa upole wa Laurel na majivuno ya Hardy kitu cha kugongana nacho. Bila yeye, vichekesho vyao vingi bora visingesimama.

Mguno wake wa kukereka, "d'oh", ulichukuliwa na kufupishwa na Dan Castellaneta kwa ajili ya Homer Simpson, mhusika wa katuni za televisheni za The Simpsons. Finlayson alifariki Los Angeles akiwa na umri wa miaka 66.