Jua Linapochwa Juu ya Ziwa Edward

Mji wa Butembo hauna pwani, wala Beni hauna. Watu wa huku wakisikia kwamba huko Unguja wageni hulipa fedha ili wapakiwe mashuani saa ya jioni, wapitishwe mbele ya nyumba za Mji Mkongwe na kutazama jua likizama baharini, hucheka kidogo. Mtu alipe ili atazame jua? Jua si linachwa bure kila siku? Lakini tusiwacheke upesi. Kuna wageni wanaolipa vivyo hivyo ili watazame jua likichwa nyuma ya milima yetu wenyewe, nasi wengi wetu hatujaliona jambo hilo hata mara moja.

Maji tunayosema ni ziwa Edward. Toka Butembo, iliyo karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, njia yapita Kyondo, kisha yashuka mpaka Kyavinyonge, ambako ziwa limelala katika mita 900 na zaidi. Ukubwa wake ni kilometa mraba 2,300 hivi. Sehemu iliyo kubwa, kupita theluthi mbili, ni ya Kongo, nayo iliyobaki ni ya Uganda. Upande wa magharibi milima ya Mitumba yasimama kama ukuta, na chini ya ukuta huo ndipo maji yana kina kirefu, kupita mita 110. Upande wa Uganda maji si marefu hivyo. Ziwa lapokea mito mingi, kama Rutshuru, Rwindi na Ishasha, lakini mlango wake wa kutokea ni mmoja tu, mto Semliki, pale Ishango. Maji hayo yaenda ziwa Albert, kisha yaingia Nili. Maji yaliyooshea samaki Kyavinyonge asubuhi, siku moja yatafika Misri.

Basi kwa sababu ya milima hiyo, mtu aliyesimama pwani ya Kyavinyonge haoni jua likigusa maji. Jua laenda nyuma ya mgongo wake mapema, kivuli cha mlima chaingia kijijini, na huku mbele maji bado yang'aa. Kulitazama vizuri yafaa uwe ng'ambo, au uwe chomboni katikati ya ziwa. Tena kuna jambo moja la kuchekesha. Jua ni lilelile, lakini saa za Uganda zatangulia saa zetu kwa saa moja. Mvuvi wetu asema jua limechwa saa kumi na mbili, na mwenzake wa Katwe, ambaye pengine waonana kwa macho, asema ni saa moja ya usiku. Wote wawili wasema kweli.

Huko ng'ambo kuna mfereji wa Kazinga, ambao Mungu mwenyewe aliuchimba, wenye urefu wa kilometa 30 na zaidi. Waunganisha ziwa George na ziwa Edward. Waingereza walipokuwa wakitawala Uganda waliifanya nchi hiyo kuwa parki mwaka 1952, na mwaka 1954 wakaipa jina la malkia wao Elizabeth. Hapo Mweya, penye mdomo wa mfereji, boti huchukua watalii alasiri na jioni, zikaenda polepole kando ya ukingo. Wageni huona viboko, nyati, tembo waliokuja kunywa, na ndege kwa makundi. Kila mmoja huvalishwa koti la kuelea. Boti ikifika mahali mfereji unapofunguka ziwani, wote hugeuka upande wa magharibi kutazama. Na wanachokitazama ni Kongo: milima ya Lubero na jua likizama nyuma yake.

Saa ileile, pwani ya kwetu, mitumbwi yatoka. Haitoki kwa kutazama. Wavuvi wanakwenda kutega nyavu, watakesha juu ya maji, na asubuhi watavuta. Baadhi wana mota, wengine wana makasia tu. Koti la kuelea ni wachache walio nalo. Upepo wa usiku ushukapo toka mlimani, mawimbi huinuka ghafula, nasi sote twajua nyumba ambazo baba au kaka alitoka jioni asirudi.

Sasa yatupasa tueleze jinsi ilivyokuwa, hata ziwa moja likawa hapa la kutazamwa na pale la kukeshwa. Habari yenyewe ni ndefu kuliko wengi wanavyodhani.

Mwaka 1950 mtaalamu Mbelgiji, Jean de Heinzelin, alichimba Ishango, pale Semliki inapotoka ziwani. Aliona mifupa ya samaki, na vyusa vya mfupa vyenye meno, na kijifupa kimoja kirefu kama kidole, chenye kipande cha jiwe jeupe kichwani na alama nyingi zilizochanjwa kwa mafungu. Umri wake, wasema, wapita miaka 20,000. Wengine wadhani alama zile ni hesabu, wengine wadhani ni hesabu ya siku za mwezi. Twaona kwamba watu wabishane watakavyo, lakini mtu aliyechanja alama zile alikuwa mwana wa wavuvi. Kijifupa hicho kimewekwa Brussels. Tena baadaye, chini kidogo ya Ishango kwa kufuata Semliki, mahali paitwapo Katanda, wataalamu Waamerika Alison Brooks na John Yellen walipata vyusa vya zamani zaidi, pamoja na mifupa ya kambare wakubwa. Mwaka 1995 walitangaza kwamba umri wake ni karibu miaka 90,000. Basi mtu akiuliza nani aliyeanza kuvua katika maji haya, jibu lipo ardhini.

Wazee wetu Wanande, ambao wenyewe hujiita Wayira, na ndugu zao Wakonzo wa ng'ambo, hawakuwa na desturi ya kulitazama ziwa kama ukuta. Lilikuwa njia. Katwe, upande wa Uganda, kuna ziwa dogo la chumvi, na chumvi hiyo ilitafutwa na watu wote wa milimani. Wengine waliifuata kwa miguu, wakavuka Semliki, wengine kwa mitumbwi. Walipeleka vyakula vya milimani, wakarudi na chumvi. Biashara ambayo watu wa Butembo wasifiwa nayo leo mpaka Dubai na China haikuanza na magari. Ilianza na mizigo ya chumvi.

Mzungu Stanley alifika upande wa ziwa George mwaka 1876, akayaona maji kwa mbali. Mwaka 1889 akarudi, mara hii akitoka upande wa Kongo pamoja na Emin Pasha, akapita bonde la Semliki chini ya Ruwenzori mpaka ziwani. Akalipa jina la mwana wa malkia wa Uingereza, Albert Edward. Mwaka 1891 Emin na Mjerumani Stuhlmann walipita tena kando ya ziwa. Mwaka 1910 wakubwa wa Ulaya walikutana Brussels, wakapatana mipaka ya nchi hizi. Mstari ukapita juu ya maji, mahali pasipoweza kusimama jiwe wala mti. Na jina lenyewe halikukaa: mwaka 1973 ziwa liliitwa Idi Amin, kama vile ziwa Albert lilivyoitwa Mobutu. Amin alipofukuzwa mwaka 1979, Edward akarudi. Samaki hawakujali.

Lakini badiliko kubwa zaidi kuliko majina lilikuwa parki. Mwaka 1925 Wabelgiji waliweka Parki ya Albert, ya kwanza katika Afrika yote, kwa ajili ya sokwe wa milima ya volkano. Mwaka 1929 ikapanuliwa, na mwaka 1935 tena, hata ikashika pwani na maji ya ziwa. (Mwaka huohuo 1929 Mapadri wa Asumpsio walifika nchi ya Beni. Vikariati ikawekwa mwaka 1938, na Monsinyori Henri Piérard akawa askofu wa kwanza.) Wakati ule ugonjwa wa usingizi ulikuwa ukiua watu karibu na ziwa, na serikali ikawahamisha wenyeji, wapande mbali na mbung'o. Ugonjwa ulikuwa wa kweli, hatuwezi kuukana. Lakini ugonjwa ulipokwisha, ruhusa ya kurudi haikuja kwa upesi uleule. Ardhi ilikuwa imekwisha kuwa ya wanyama. Hapo ndipo ziwa lilipogawanyika katika mawazo ya watu: kwa mtaalamu na mgeni likawa pa kutazamwa, kwa mwenyeji likawa pa kuombea ruhusa.

Baadaye uvuvi ulikubaliwa katika vituo vitatu, Vitshumbi, Kyavinyonge na Nyakakoma, chini ya ushirika, kwa hesabu maalumu ya mitumbwi na nyavu zenye macho ya kipimo. Wageni walioshukia nyumba za Rwindi walipelekwa Vitshumbi kwa motokari ili waone marabu wakitembea kati ya watu kama kuku, na kiboko akipita uani. Malori yakapanda na samaki mpaka Goma na Butembo, wabichi, wa moshi, na wa chumvi, ndio makayabo. Nani katika sisi hakulelewa na samaki wa Vitshumbi? Mwaka 1969 parki ikaitwa Virunga, na mwaka 1979 ikaandikwa katika urithi wa dunia.

Kwa habari ya viboko twapenda kukaa kidogo, maana wengi hawajui. Usiku kiboko hupanda kula majani, mchana hurudi majini na kuacha mavi yake humo. Mavi hayo hulisha vijimea vya majini, navyo ndivyo chakula cha tilapia. Miaka ya 1970 viboko wa parki walihesabiwa kupita 25,000, na hapana nchi nyingine iliyokuwa na kundi kama hilo. Kisha zikaja vita, bunduki zikawa nyingi, nyama na meno yakauzwa. Mwaka 2005 hawakufika 1,000. Samaki nao wakapungua. Si kwa sababu hiyo tu: watu waliokimbia vita walijaa pwani, vituo visivyo na ruhusa vikazaliwa, nyavu zenye macho madogo zikavuta hata watoto wa samaki. Na tilapia jike huyatunza mayai yake kinywani. Ukimvua katika mazalio, umevua kizazi chote. Aliyeua kiboko kwa siku moja ya nyama alimwibia mvuvi miaka.

Mwaka 2014 kampuni ya Uingereza, SOCO, ilipeleka vyombo ziwani kupima kama kuna mafuta ya petroli chini. Wengi walipinga, hapa na ng'ambo za mbali, na mwaka huohuo kampuni ikakubali kuacha. Wengine walisema mafuta yangeleta kazi. Sisi twaona kwamba ziwa lenye mlango mmoja wa kutokea si chombo cha kujaribia.

Je, hatungeweza nasi kuwa na boti za jioni kama za Kazinga? Ishango ina viboko, ina ndege, ina Semliki na Ruwenzori juu yake, na ina habari ya kale ambayo Mweya haina. Parki ilijaribu kuwarudisha watalii. Lakini Mei 2018 watu wenye silaha waliwashika wageni wawili Waingereza katika parki, wakamwua mlinzi wa kike aliyefuatana nao, na milango ikafungwa mpaka mwaka uliofuata. Mwaka 2020 ugonjwa wa korona ukaifunga tena. Machi 2024 M23 waliingia Vitshumbi. Mgeni wa kutazama jua haji mahali mwenyeji anapolala na mizigo imefungwa.

Wala si bunduki za nchi kavu tu. Julai 2018 askari wa majini wa Uganda na wa Kongo walipigana juu ya ziwa hili, na kati ya waliokufa walikuwamo wavuvi. Mara nyingi wavuvi wetu wamekamatwa, mitumbwi na mota zikachukuliwa, kwa neno kwamba wamevuka mpaka. Labda wengine huvuka kwa makusudi, maana samaki wamepungua upande huu. Lakini wengi husukumwa na upepo, nyavu zikawavuta usiku. Boti ya watalii ina mwongozaji, ina ramani, nayo hurudi kabla ya giza kushika. Mvuvi wa Kyavinyonge ana taa moja, na ili ajue yuko nchi gani hutazama taa za pwani, hizi za kwetu na zile za Katwe, akakisia mstari ulioandikwa Brussels mwaka 1910.