Kipimo cha Haki Katika Matope

Katika mashindano yoyote, ugomvi wa kwanza aghalabu hautokani na zawadi, bali hutokana na swali la nani ashindane na nani. Katika mbio za magari, desturi ya siku nyingi ni kuwagawa washindani kwa ujazo wa injini: wenye injini ndogo daraja lao, wenye injini kubwa daraja lao. Ni kipimo chepesi, kwa kuwa cc huhesabika. Lakini kuhesabika kwa kitu si hoja kwamba ndicho kinachotenda haki.

Waanzilishi wa mbio zilizokuja kuitwa Safari Rally walilitazama jambo hili kwa namna nyingine. Mbio hizo zilifanyika mara ya kwanza mwaka 1953, kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II wa Uingereza, na zilipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Madaraja yalipangwa kwa bei ya gari dukani, wala si kwa ujazo wa injini. Naiona hekima ndani yake. Mtu anayekwenda kununua gari huuliza kwanza kama kwa fedha aliyo nayo atapata gari litakalomfikisha aendako.

Hata hivyo, hapana budi tukumbuke kwamba waliomudu kununua gari siku hizo walikuwa wachache mno, na wengi wao hawakuwa Waafrika. Ilikuwa haki baina ya wenye magari tu.

Matope nayo yalikuwa na hukumu yake. Volkswagen, lile gari dogo la mgongo wa kobe, lilishinda mwaka 1954, likashinda tena 1957 na 1962, na injini yake haikufika hata cc 1,200. Siri yake ilikuwa uzito: injini ilikaa nyuma, juu ya magurudumu yanayosukuma, hivyo tairi ziliikamata ardhi. Mwaka 1963 yaliondoka magari 84, yakamaliza 7. Mwaka 1968 yaliondoka 93, yakamaliza 7 vilevile. Mara zote mbili washindi walikuwa Nick Nowicki na Paddy Cliff katika Peugeot 404, gari ambalo watu wengi walilijua kama teksi.

Sisi tuliokulia Songea kabla ya barabara ya Makambako kutiwa lami katika miaka ya 1980 hatushangazwi na habari hizi. Wakati wa masika, dereva aliyekanyaga mafuta kwa hasira alizidi kulizamisha lori lake, na utingo akashuka na jembe. Nguvu isiyopata pa kushika ilikuwa kazi bure.

Kipimo cha injini kilizidi kupwaya ilipokuja turbo, kifaa kinachoishindilia hewa ndani ya injini ili ndogo ifanye kazi ya kubwa. Wenye kanuni waliamua ujazo wa injini ya namna hiyo uzidishwe mara 1.4. Katika lile lililoitwa Kundi B, kiwanda kilitakiwa kuunda magari 200 tu ili kiruhusiwe kushindana. Nguvu ikapita kiasi. Mwezi Mei 1986, Henri Toivonen na msaidizi wake Sergio Cresto walikufa kwa ajali katika kisiwa cha Corsica, na kuanzia 1987 magari hayo yakaondolewa katika mbio za ubingwa wa dunia. Lakini katika Safari ya 1984, 1985 na 1986, iliyoshinda ni Toyota Celica iliyosukumwa na magurudumu mawili ya nyuma, japo wengine walileta magari ya kusukumwa na magurudumu yote manne.

Nayasema haya kwa sababu vijana wa bodaboda wa mtaani kwetu walitaka kupimana ubavu katika tope, wakanijia niwaamulie. Walikuwa wamekwisha kugawana: cc 125 huku, cc 150 kule. Niliwauliza pikipiki ni za nani. Baadhi walikuwa na zao wenyewe. Wengine waliendesha za mkataba, na kila jioni walipeleka hesabu kwa tajiri. Mwenye yake huweza kuitosa dimbwini bila kumwomba mtu ruhusa. Wa mkataba akivunja kitu, hesabu ya jioni haimsubiri, na huenda akanyang'anywa chombo kabla hajamaliza mkataba wake. Cc zao ni sawa, lakini wanachohatarisha si sawa.

Niliwashauri wabaki na madaraja yao ya injini, ila wa mkataba asiingie bila tajiri wake kukubali, na nusu ya viingilio itengwe kwa matengenezo ya chombo kitakachoharibika. Wenye pikipiki zao walinung'unika kwamba watawalipia wengine. Niliwajibu kwamba wasipofanya hivyo watashindana wao kwa wao, na wenzao watabaki kando ya tope wakitazama.