Nyimbo za Miji Mikubwa na Waliozitunga Wakiwa Mbali



Katika mkutano wetu uliopita ulizuka ubishi baada ya chakula. Mwenzetu mmoja, ambaye tangu kidato cha kwanza hajapata kushindwa kwa maneno, alidai kwamba nyimbo zinazosifu miji mikubwa ni majigambo ya wenyeji wake tu. Nilipinga, lakini basi la kuturudisha mjini lilikuwa likipiga honi na hoja yangu ikakatika njiani. Mhariri amenipa nafasi niimalize hapa.

Nasema hivi: nyimbo za miji zilizodumu, nyingi ni za watu ambao hawakuwamo mjini. Ama walikuwa wamekwisha kuuacha, ama ndio kwanza walikuwa wakiuota.

Tuanze na San Francisco. Mtakumbuka wimbo "I Left My Heart in San Francisco", ambao mwalimu wetu wa historia alikuwa akitupigia kwenye gramafoni yake Jumamosi jioni. Watungaji wake, George Cory na Douglass Cross, walihama San Francisco baada ya Vita Kuu ya Pili kwenda kutafuta maisha New York. Mwaka 1953, wakiwa Brooklyn, wakautunga kwa kuukumbuka mji waliouacha. Mpiga piano Ralph Sharon aliiweka karatasi ya wimbo huo ndani ya saraka ya mashati akaisahau. Aliiona tena alipokuwa akifunga mizigo ya safari na mwimbaji Tony Bennett, safari ambayo ingefika San Francisco. Bennett aliuimba huko, katika hoteli ya Fairmont, mwezi Desemba 1961, na mwezi uliofuata akaurekodi. Wimbo ukawekwa upande wa pili wa santuri, lakini watu wakaigeuza santuri! Mwaka 1969 mji ukaufanya wimbo wake rasmi. Na Bennett mwenyewe alikuwa mzaliwa wa New York. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Sasa twende Chicago. Mwaka 1936 Robert Johnson, kijana wa Mississippi, alirekodi "Sweet Home Chicago" katika mji wa San Antonio, Texas. Zama hizo Wamarekani Weusi walikuwa wakiyakimbia mashamba ya pamba na dhuluma za kusini, wakipanda treni za Illinois Central kuelekea kaskazini. Mwaka 1910 Weusi wa Chicago walikuwa kama 44,000. Ilipofika 1930 walikuwa karibu 234,000. Katika wimbo huo Johnson anazitaja Chicago na California kana kwamba ni mahali pamoja, na wataalamu wamebishana sana juu ya jambo hilo. Kwangu mimi si ajabu. Kwa mtu aliyezaliwa katika shida, Chicago ilikuwa jina la mahali pa kupumulia. Johnson alifariki mwaka 1938, akiwa na umri wa miaka 27.

Lakini kisa kinachonigusa zaidi ni cha Carlos Gardel, mwimbaji wa tango wa Argentina. Mwaka 1934 aliimba "Mi Buenos Aires querido", yaani Buenos Aires yangu mpenzi, kwa maneno ya Alfredo Le Pera. Ndani yake anaahidi kwamba siku atakapouona tena mji wake, huzuni na usahaulifu vitakwisha. Wimbo huo ulikuwa wa filamu iliyopigwa New York, maelfu ya maili kutoka kwao. Tarehe 24 Juni 1935 Gardel na Le Pera walikufa katika ajali ya ndege huko Medellín, Colombia. Gardel hakuuona tena mji wake. Maiti yake ndiyo iliyorudi, mwaka 1936, na umati mkubwa ukaipokea.

Mbishi wangu atasema: na New York je? Kweli, Fred Ebb, aliyeandika maneno ya wimbo wa filamu "New York, New York" ya mwaka 1977, alizaliwa mji huo huo. Lakini alipoandika, maneno yake aliyatia kinywani mwa mtu anayetoka mji mdogo na viatu vyake, akitaka kwenda kujaribu bahati. Hata mwenyeji ilimbidi ajifanye mgeni.

Sababu si ngumu. Ukiwa ndani ya mji, mji ni kodi ya nyumba na msongamano wa basi. Ukiwa mbali, hayo hupungua moyoni, yakabaki yale uliyoyapenda.

Tena ushahidi tunao sisi wenyewe. Wimbo wa shule tulikuwa tukiuimba kwa kunong'ona, na kiranja akipita mistarini kutazama nani hafumbui mdomo. Mwaka jana tuliuimba mpaka wapishi wakatoka jikoni kutushangaa, na mbishi wangu ndiye aliyekuwa akipaza sauti kuliko wote, akifuta macho.

Wapo wenzetu walioandika kila mwaka kwamba mwakani watakuja, na sasa majina yao tunayasoma katika dakika ya kimya. Kwa hiyo nawasihi mlio mbali: msingoje. Njooni mwaka huu, tuuimbe pamoja.