Tanga Kalishona Nani?

Nilipomaliza kidato cha nne na kukosa nafasi ya kuendelea, nilianza kuandika riwaya. Wenzangu walicheka, lakini daftari halidai ada. Nahodha wangu alikuwa shujaa kwelikweli: anatoka Lamu kwa jahazi, anapambana na dhoruba, tanga linachanika vipande viwili, na ukurasa unaofuata anatia nanga Maskati.

Nikamsomea babu. Yeye alikuwa baharia miaka ya 1960, akipeleka boriti za Rufiji Unguja. Alisikiliza kimya, kisha akauliza: "Sasa mjukuu wangu, hilo tanga kalishona nani?"

Sikuwa na jibu. Ndugu msomaji, tulitafute pamoja.

Kushona na bahari yetu ni mambo ya zamani. Periplus, kitabu cha Kiyunani cha karne ya 1, kinautaja mji wa biashara wa Rhapta katika pwani hii, na kinasema jina hilo limetokana na vyombo vya kushonwa. Mtepe wa Lamu uliendelea na ufundi huo hadi mwanzoni mwa karne ya 20: mbao ziliungwa kwa kamba za makumbi ya nazi, na tanga lake la mraba lilikuwa mkeka. Ndiyo, mkeka wa kusukwa, unaopelekwa na upepo!

Jahazi lilitumia tanga la marudufu, kitambaa kizito cha pamba. Mapande marefu yalishonwa moja kando ya jingine, na ukingoni ikatiwa kamba iitwayo dasi ili upepo usilichane. Hapo ndipo masomo yetu yaliponyamaza. Shuleni tulikariri kwamba kaskazi huleta vyombo kutoka Arabuni na Bara Hindi kuanzia Desemba, na kusi huvirudisha kuanzia Aprili. Upepo tuliujua, kilichoukamata hatukuambiwa.

Babu ndiye aliyeniambia. Jua hula uzi kabla ya kitambaa, kwa hiyo mshono hufa kwanza. Tanga likikunjwa bichi hushika koga. Foromali nayo hulisugua mchana kutwa. Baharia alipika, akalala na kushona humo humo chomboni, na siku za kungoja upepo hazikuwa za kupumzika. Alivaa kipande cha ngozi kiganjani cha kusukumia sindano, akaupaka uzi nta. Kiraka alikikata kutoka tanga kuukuu. "Kitambaa kipya juu ya kikuukuu ni fitina," babu alisema. "Kitavuta mpaka kichane palipokuwa pazima."

Mwandishi mmoja aliyaona maisha hayo kwa macho yake. Alan Villiers wa Australia, mwenyewe baharia, alipanda chombo cha Kuwait huko Aden mwaka 1938, akafika Unguja na delta ya Rufiji, akasafiri nacho hadi Kuwait mwaka 1939. Alilala sitahani na mabaharia, ndipo akaandika Sons of Sinbad, kilichotoka mwaka 1940. Nikaona haya. Mgeni alivuka bahari kutafuta habari hizi. Mimi nina babu chumba cha pili, na nimeandika sinema.

Nikamwomba anifundishe. Macho yake yameingia ukungu, hawezi tena kutunga uzi, nikatunga mimi. Hatukuwa na tanga, tukashona turubai la kibanda cha mama cha chapati. Mishono yangu ilienda kama njia ya mlevi. Babu akaipapasa kwa kidole gumba, akasema neno moja: "Fumua." Nilifumua mara tatu.

Usiku ule nikaifumua na ile sura ya kwanza.

Leo vyombo vingi vina injini, lakini nenda ufukweni utaona ngalawa yenye tanga la mifuko ya unga iliyounganishwa kwa mkono. Kuna mtu aliyekaa akashona. Nahodha wangu bado ni shujaa, ila sasa yuko nangani wiki nzima, na pembeni yake kuna kijana mwenye sindano. Nilipomsomea tena, babu aliuliza yule kijana anaitwa nani.

Nawe mwenzangu unayetaka kuandika, kama una mzee nyumbani, usimuulize habari za manahodha tu. Muulize nani alishona. Muulize mapema.