Asidi, vidonda na daktari aliyekunywa bakteria

Zamani, mgonjwa wa vidonda vya tumbo alipewa vidonge vya magnesiamu vya kuzimua asidi, akaambiwa anywe maziwa, aache pilipili na apunguze mawazo. Hali ikizidi, alipasuliwa na kukatwa sehemu ya tumbo.

Mwaka 1964 Mskoti mmoja, James Black, alianza kazi katika kampuni ya Smith Kline & French huko Uingereza. Alijiuliza: kwa nini tuhangaike na asidi iliyokwisha kumwagika, badala ya kuizuia isitoke? Ilishajulikana kwamba histamini ndiyo inayoliamuru tumbo kutoa asidi. Black na wenzake wakatafuta kitu cha kuizuia amri hiyo isifike. Dawa yao moja ilifanya kazi, lakini ikapunguza chembe nyeupe za damu kwa baadhi ya wagonjwa. Wakairekebisha. Mwaka 1976 ikaingia sokoni simetidini, kwa jina la Tagamet. Mwaka 1988 ikafuata omeprazoli, inayofunga pampu yenyewe ya asidi. Mwaka huo huo Black akapata Tuzo ya Nobel.

Visu vikapungua, na hilo si jambo dogo. Ila mgonjwa akiacha dawa, mara nyingi vidonda vilirudi. Basi akameza miaka nenda, miaka rudi. Ndugu msomaji, mfanyabiashara atapata wapi mteja bora kuliko huyo?

Mwaka 1982, mjini Perth, Australia, Robin Warren na Barry Marshall walifaulu kuotesha bakteria waliotoka kwenye matumbo ya wagonjwa. Wakubwa wa fani hawakuamini. Mdudu gani ataishi kwenye asidi? Mwaka 1984 Marshall akawanywa bakteria hao yeye mwenyewe. Siku chache baadaye akaanza kutapika, na vipimo vikaonyesha tumbo lake limeathirika. Nobel yao ilikuja mwaka 2005.

Hapa kwetu bado tunasema "fulani ana vidonda, ana mawazo sana", naye kila mwezi yuko duka la dawa akinunua omeprazoli. Omeprazoli haina kosa. Hata tiba ya bakteria hao inaitumia, pamoja na antibiotiki, kwa wiki moja au mbili. Na vidonda vingine huletwa na dawa za maumivu kama aspirini na diklofenaki.

Ninachosema ni hiki: maumivu kutulia si ugonjwa kwisha. Kabla ya kununua pakiti nyingine, mwombe daktari akupime.