Asubuhi ya Kusikia, Jioni ya Kufa: Usemi Mmoja wa Confucius na Wasomaji Wake

Katika mlango wa nne wa Lunyu, yaani Mazungumzo, kitabu kilichokusanya maneno ya Confucius na wanafunzi wake, umo usemi wenye herufi 7 tu za Kichina. Maana yake ni kwamba mtu akiisikia Njia asubuhi, hata mauti yakimkuta jioni ya siku hiyohiyo, si neno. Basi. Hatuambiwi nani aliuliza, walikuwa wapi, wala mwalimu alikuwa na umri gani. Kwingine kitabu hicho ni karimu zaidi. Tunamjua Zilu, aliyeuliza habari za kifo akajibiwa kwamba asiyeujua uhai atakijuaje kifo. Tunajua pia kwamba Yan Hui, mwanafunzi mpendwa, alipofariki, mwalimu alilia hadi wafuasi wakaona amepita kiasi. Hapa hatupewi hata jina la mtu mmoja, na kwa kuwa pengo ni kubwa, kila zama zimelijaza kwa hofu zake zenyewe.

Confucius alizaliwa mwaka 551 KK katika dola ya Lu, upande wa Qufu ya leo mkoani Shandong, akafariki mwaka 479 KK. Alikaa miaka ipatayo 14 akizunguka dola jirani kumtafuta mtawala atakayeyatia mafunzo yake vitendoni. Alirejea kwao mnamo 484 KK bila kumpata. Habari hiyo inafaa kukumbukwa, maana wako waliousikia usemi huu kama kilio cha mzee aliyekata tamaa. Hao tutawafikia. Mimi nataka kuanzia gerezani, kwa sababu huko ndiko tunakomkuta mtu aliyeutumia usemi huu akiwa na kifo mlangoni kwelikweli.

Mwaka 72 KK Kaisari Xuan wa nasaba ya Han alitoa amri kwamba Kaisari Wu, baba wa babu yake, atukuzwe kwa muziki maalumu wa hekalu. Maofisa wa baraza waliitikia kwa pamoja, kama ilivyo desturi ya mabaraza. Aliyekataa ni mzee mmoja, Xiahou Sheng, bingwa wa Shangshu, kitabu cha nyaraka za wafalme wa kale. Alisema wazi kwamba Wu alipanua mipaka, lakini aliangamiza askari wengi, akafilisi watu kwa anasa na vita, hata njaa ilipoingia watu wakalana. Raia hawakunufaika naye, basi muziki wa nini? Wenzake wakamtisha kwamba hiyo ni amri ya kaisari. Akawajibu kwamba amri mbaya haifai kufuatwa, na kwamba yeye ameshasema, hata akifa hajuti.

Hakuwa mgeni wa hatari. Miaka miwili nyuma alisimama mbele ya gari la mtawala kijana, Liu He, akamwonya kwamba mawingu yaliyokaa siku nyingi bila mvua ni dalili ya walio chini kumpangia njama aliye juu. Liu He akaamuru afungwe kamba. Kumbe njama ilikuwapo kweli, na kijana huyo aliondolewa kitini baada ya siku 27 tu.

Safari hii mzee alishtakiwa kwa kumkashifu kaisari aliyetangulia. Pamoja naye alikamatwa Huang Ba, ofisa wa ngazi ya juu katika ofisi ya waziri mkuu, kwa kosa la kusikia maneno hayo asiyaripoti. Wote wawili wakawekwa gerezani kungoja kufa. Huang Ba alikuwa mtu wa sheria, aliyeanza kazi akiwa amesoma kanuni na adhabu, si vitabu vya kale. Sasa akajikuta chumba kimoja na mwalimu ambaye watu wangesafiri mbali kumpata. Akamwomba amfundishe Shangshu. Xiahou Sheng akakataa: kuna faida gani kumfundisha mtu aliyehukumiwa kifo? Huang Ba akamrudishia usemi wa Confucius. Mzee hakuwa na la kujibu. Walisoma na kujadiliana kupita majira mawili ya baridi bila kuchoka.

Kisa hiki kimo katika Hanshu, historia ya nasaba ya Han. Kinanipa jambo ambalo wafafanuzi wengi wa baadaye hawakulipa uzito. Huang Ba hakungoja nuru imshukie. Kwake kuisikia Njia kulikuwa ni kuketi mbele ya mwalimu, kuchukua kitabu na kuanza ukurasa wa kwanza. Sisi tuliozoea kuambiwa tuitafute elimu hata China tunamwelewa haraka: huyu aliitafuta akiwa China tayari, na kamba ikimngoja shingoni.

Kizazi kimoja baadaye Liu Xiang, aliyefariki mwaka 6 KK, aliutumia usemi huohuo kwa mtu tofauti kabisa. Katika mkusanyiko wake wa visa, Xinxu, yumo mfalme Gong wa Chu akiwa kitandani mwa mauti. Anakiri kwamba mtumishi mmoja alikuwa akimwonya kila mara, naye akichukia, ingawa alifaidika. Mwingine alimpa kila alichokitamani, naye akifurahi huku akipata hasara. Anaagiza wa kwanza apandishwe cheo na wa pili afukuzwe, kisha anafariki. Mfalme huyo alikufa kabla Confucius hajazaliwa, kwa hiyo Liu Xiang hadai kwamba usemi ulimhusu. Anautumia kama kipimo: aliyezinduka saa ya mwisho ni bora kuliko aliyezikwa na ujinga wake, na warithi wake wanapata funzo.

Ndivyo usemi ulivyozunguka katika masimulizi ya karne zilizofuata. Huangfu Mi, aliyeishi kati ya 215 na 282, mwandishi wa kitabu mashuhuri cha tiba ya sindano, aliambiwa kwamba kusoma kupita kiasi kutamwua. Akajibu kwa maneno ya Confucius, akaongeza kwamba urefu wa maisha uko mikononi mwa Mbingu. Na kuna Zhou Chu, mbabe wa Yixing, ambaye wanakijiji walimhesabu kuwa balaa moja na chui milia wa mlimani na joka la mtoni. Aliwaua wote wawili, akarudi akakuta watu wanasherehekea kwa kudhani naye amekufa. Hapo ndipo alipojiona alivyo. Akaenda kwa mwanachuoni Lu Yun kulalamika kwamba umri umekwenda, akaambiwa kwamba watu wa kale walithamini kusikia asubuhi na kufa jioni, sembuse yeye ambaye safari bado ndefu. Hesabu za miaka zinawapa wanahistoria shaka kuhusu mkutano huo, kwani Lu Yun alikuwa mdogo sana kwa Zhou Chu. Hata hivyo kisa kinaonyesha waliokisimulia waliuelewaje usemi: ni jibu kwa anayesema amechelewa.

Hapo katikati, wanachuoni wa ikulu walikuwa wakiusoma kwa namna nyingine. He Yan, ofisa wa dola ya Wei, alisimamia mkusanyiko wa sharhe za Lunyu uliotawala usomaji kwa karne nyingi. Kwake, maneno haya ni masikitiko: Confucius anakaribia kufa na bado hajasikia kwamba dunia ina Njia. Aliyekosa hapa si mwanafunzi, ni ulimwengu. Ukiangalia He Yan aliishi lini, unaanza kuelewa. Nasaba ya Han ilikuwa imeanguka mwaka 220, dola 3 zinagombea mabaki yake, na ikulu ya Wei imejaa wanaoviziana. Mwaka 249 ukoo wa Sima ulipokamata madaraka, He Yan mwenyewe aliuawa.

Huang Kan (488–545), chini ya nasaba ya Liang kusini, aliendeleza mstari huo. Alihifadhi pia maoni ya Luan Zhao, mfafanuzi aliyemtangulia, ambayo nayaona mazuri kuliko yote ya upande huu. Njia, anasema, ni ya kuwaokoa watu. Mwenye hekima huitunza nafsi yake ili aitekeleze Njia, lakini haitekelezi ili ajiokoe yeye. Basi Njia ikisikika ulimwenguni asubuhi, yeye akifa jioni hakuna kilichopotea. Kitabu cha Huang Kan kilikuja kutoweka China kabisa. Nakala zilibaki Japani, kikachapishwa huko mwaka 1750, kisha kikarudi kwao kwa njia ya bahari na kuingizwa katika maktaba kuu ya kaisari wa Qing. Hata Xing Bing, aliyeandika sharhe rasmi mwanzoni mwa nasaba ya Song, alikuwa bado anasema kwamba fungu hili ni la kuuchukia ulimwengu usio na Njia.

Kisha akaja Zhu Xi. Alizaliwa mwaka 1130, akachapisha sharhe zake za Vitabu Vinne, Lunyu kikiwa kimojawapo, mwaka 1190, akafariki mwaka 1200 mafundisho yake yakiwa yamepigwa marufuku na serikali kwa jina la elimu ya uongo. Aliupindua usemi kwa maneno machache. Njia, kwake, ni kanuni ya jinsi kila jambo linavyopaswa kuwa. Mtu akiipata, maisha yake huenda sawa na kifo chake huwa cha utulivu, bila kinyongo kilichobaki. Asubuhi na jioni ni namna tu ya kusema kwamba muda ni mfupi. Akaleta na neno la walimu wa ukoo wa Cheng waliomtangulia: uhai na mauti ni jambo zito, na mtu ambaye hajapata kitu cha kweli moyoni hawezi kuikubali jioni hiyo.

Kwa nini utulivu wa mtu mmoja uchukue nafasi ya masikitiko ya ulimwengu? Naona jibu liko kwa Wabuddha. Kwa karne nyingi watawa wao walikuwa ndio wenye la kumwambia Mchina juu ya kufa, na mfuasi wa Confucius aliyebanwa na swali hilo alikuwa na majibu machache sana kitabuni mwake. Herufi hizi 7 zilikuwa hazina iliyolala. Zhu Xi aliionyesha kama ushahidi kwamba mwalimu wao naye alijua mtu afeje kwa amani, pasipo kuhubiri kuzaliwa upya wala kukimbia nyumba na wazazi.

Mwaka 1313 watawala wa Kimongolia waliamuru sharhe za Zhu Xi ziwe msingi wa mitihani ya serikali, na mitihani hiyo haikufutwa hadi 1905. Kwa hiyo kwa karibu miaka 600 kijana aliyetaka cheo aliukariri usemi huu pamoja na maelezo hayo. Masikitiko ya He Yan yakawa ya wataalamu. Japani, Itō Jinsai (1627–1705) aliurudisha chini kidogo aliposema kwamba umewalenga wanaojitetea kwa uzee au maradhi ili wasisome. China kwenyewe Liu Baonan, aliyefariki mwaka 1855, alifanya kazi niipendayo kuliko zote. Aliwarudia Huang Ba na mfalme wa Chu, akaonyesha kwamba watu wa Han, waliokuwa karibu zaidi na mwalimu, hawakuusikia kama kilio juu ya dunia. Akaeleza kwamba anayeisikia Njia asife mara moja ataizoea na kuirudia hadi imjenge tabia. Akifa jioni hiyo, amekatishwa katikati ya safari, lakini bado ni bora mno kuliko asiyesikia kamwe.

James Legge, mmishonari Mskoti aliyechapisha Lunyu kwa Kiingereza huko Hong Kong mwaka 1861, alikiri kwamba Njia hii inamtatiza. Akatamani ionekane kama fununu ya ukweli wa juu kuliko ule uliofikiwa na wahenga wa China. Mmishonari naye alijaza pengo kwa alichokuja nacho. Vijana wa China siku hizi wamekwenda mbali zaidi: kwa kuwa Njia ni barabara pia, wanausoma kama kitisho cha jambazi anayesema kwamba akiijua asubuhi njia ya kwenu, jioni umekwisha. Angalau hao wanajua kwamba wanatania.

Mimi niko na Liu Baonan. Zhu Xi alitengeneza kitu kizuri, na waliokufa kwa utulivu wakikishikilia hawakudanganyika. Lakini katika usomaji wake jioni ndiyo inayobeba uzito, na asubuhi imekuwa maandalizi ya kuaga. Kwa Huang Ba uzito uko asubuhi. Wala usomaji huo haupingani na Luan Zhao, maana anayesoma jinsi watawala wa kale walivyowatunza watu hasomi kwa ajili ya roho yake pekee.

Na Huang Ba hakufa jioni hiyo. Mwaka 70 KK ardhi ilitetemeka siku moja katika majimbo 49, miji ikabomoka, watu zaidi ya 6,000 wakafa. Kaisari aliona ni onyo, akatangaza msamaha. Xiahou Sheng akarudi barazani, akapendekeza mwanafunzi wake wa gerezani apewe kazi, na yeye mwenyewe akaishi hadi miaka 90. Huang Ba akawa liwali wa Yingchuan. Huko aliagiza vituo vya tarishi na ofisi za vijijini zifuge kuku na nguruwe wa kuwasaidia wajane, wagane na maskini, akawahimiza watu kupanda miti na kulima miforosadi. Mwaka 55 KK alipandishwa kuwa waziri mkuu, akafariki katika wadhifa huo mwaka 51 KK. Mwandishi wa Hanshu, ambaye hakuwa na tabia ya kubembeleza, anasema kwamba katika cheo hicho kikubwa hakufanya vizuri kama alipokuwa liwali.